Maua ya Kando ya Shamba

Masika yakisha kushika, toka mwezi wa Machi hata Mei, nchi huvaa nguo mpya, lakini ni wachache wanaoitazama. Mkulima anakimbilia jembe lake, karani anakimbilia saa ya kazi, na wote wawili huyapita maua njiani kama wapitavyo mawe. Sisemi jembe liachwe. Nasema kwamba mwenye kamera, hata ile ndogo iliyomo katika simu yake, anayo kazi njema wakati wa mvua.

Ajabu ni kwamba mtu akitaka picha nzuri husimama chini ya jakaranda au kando ya bogenvilia, mimea iliyoletwa kutoka Amerika ya Kusini. Huenda nyuma ya nyumba yake mwenyewe limechomoza ua jekundu la mviringo kama mpira, lenye vijiua vingi vyembamba, ambalo mara nyingi hutangulia majani yake. Vichakani hupanda ua jingine, likijishika kwa ncha za majani zilizojikunja, na petali zake nyekundu zenye ukingo wa manjano zimepinduka juu kama ndimi za moto. (Watoto wakatazwe kuchimba kiazi chake, maana kina sumu iuayo.)

Wageni waliyaona mapema. Bibi Joy Adamson, kabla ya kujulikana kwa habari za simba wake Elsa, alichora mamia ya maua ya Kenya. Na mwaka 1892, zamani za Wadachi, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa wilaya ya Tanga, alipeleka kwa baba yake Ujerumani ua dogo la rangi ya urujuani, liotalo penye mwamba na kivuli. Mwaka 1893 likapewa jina la Saintpaulia, na leo lakaa katika vyungu madirishani Ulaya na Marekani.

Nasi Kenya tunao ndugu zake. Mmoja huota katika mlima wa Mbololo, huko Taita, wala haujulikani kuota porini mahali pengine po pote duniani. Wataalamu waliuandika mwaka 1958. Msitu wa Mbololo ni mdogo, na mashamba yako karibu. Miti ikikatwa kivuli kitakwisha, mwamba utakauka, na mmea huo hautakuwa umepotea Taita tu. Utakuwa umetoweka katika misitu yote ya dunia.

Lakini uzuri usitudanganye. Wakulima wa Nyanza wanalijua ua moja la rangi ya waridi lipendezalo macho katikati ya mahindi, nao Waluo huliita kayongo. Mizizi yake hujishika na mizizi ya mahindi na kuyanyonya, na mche mmoja hutoa maelfu ya mbegu ziwezazo kungoja udongoni miaka mingi. Hilo lipige picha, kisha ling'oe kabla mbegu hazijakomaa. Basi ua lililo midomoni mwa kila mtu ndilo hilo lituibialo chakula, na yale yasiyotudhuru hakuna ayaulizaye majina.

Kupiga picha kwenyewe si kugumu. Nenda asubuhi, kabla upepo haujaanza kutikisa mashina. Siku ya mawingu ni bora kuliko jua la saa sita. Piga magoti hata kamera iwe sawa na ua. Wengi hupiga wakiwa wamesimama, wakapata udongo mwingi na ua kidogo. Weka sarafu kando yake ili ukubwa ujulikane. Usilichume. Lipigie jani na tunda pia, maana ua peke yake mara nyingi halimtoshi mtaalamu.

Kisha andika tarehe, mahali, na hasa jina. Muulize mama au nyanya yako, kwa kuwa hao ndio waliotafuta kuni, mboga na dawa porini. Jina la Kilatini limo vitabuni, halitapotea. Jina la Kitaita, la Kikamba au la Kinandi huenda limebaki katika kichwa cha mzee mmoja tu. Ukilipata, liandike kama alivyolitamka, na kando yake uandike jina la mzee huyo na kijiji chake.