Kabla ya Panga, Karatasi



Habari za Srebrenica wengi wetu tumezisikia. Mwezi wa Julai 1995 majeshi ya Waserbia wa Bosnia, chini ya Jenerali Ratko Mladić, yaliuteka mji ule uliokuwa umetangazwa na Umoja wa Mataifa kuwa eneo la usalama. Wanaume na vijana wakatengwa na wake na mama zao, na Waislamu zaidi ya 8,000 wakauawa kwa siku chache. Baada ya darsa, kijana mmoja aliniuliza: "Ustadh, kwa nini ni sisi tu tunaouawa?" Nilimwomba aketi, kwani jibu lake si fupi, wala si la kupendeza lote.

Nilianza na Rwanda. Huko muuaji na muuawa walisema lugha moja na aghalabu wakasali kanisa moja. Katika miaka ya 1930 serikali ya Wabelgiji ilianza kutoa vitambulisho vilivyoandikwa Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Uhuru ulipokuja, neno lile halikufutwa. Tangu 1959 Watutsi waliuawa na kufukuzwa mara kadhaa, na waliohusika wakaendelea na shughuli zao. Vita vilivyoanza Oktoba 1990 vikawapa wenye siasa kali hoja waliyoihitaji: kwamba kila Mtutsi, hata ajuza aliye shambani kwake, ni mshirika wa adui. Redio RTLM ikawaita mende. Aprili 1994, ndege ya Rais Habyarimana ilipotunguliwa, vizuizi viliwekwa barabarani na kile kitambulisho kikawa ndicho hukumu. Katika siku 100 hivi waliuawa watu wapatao 800,000, na wako wanaohesabu zaidi, wakiwamo Wahutu waliokataa kushiriki.

Bosnia haikuwa vile vile. Rwanda serikali iliwaita wakulima washike mapanga. Srebrenica kazi ilifanywa na jeshi, kwa mabasi na kwa amri za makamanda. Lakini kabla ya kuua kulikuwa na kutia alama. Mjini Prijedor, Mei 1992, wasio Waserbia waliamriwa watundike vitambaa vyeupe kwenye nyumba zao. Nako Myanmar, sheria ya uraia ya 1982 iliwaacha Warohingya nje ya orodha ya makabila ya nchi. Miaka 35 baadaye, watu zaidi ya 700,000 walikimbilia Bangladesh huku vijiji vyao vikiteketea. Chuki ya jirani ni ya kale na iko kila mahali. Inapopewa karatasi, kisha hofu ya vita, kisha ahadi kwamba hakuna atakayeulizwa, ndipo inapozaa makaburi ya halaiki.

Kijana alitikisa kichwa kukubali. Nikamwambia basi tuitazame 1915.

Hapo watawala walikuwa Waislamu. Dola ya Uthmaniya ilikuwa vitani, imeshindwa na Warusi, na wakuu wake wakawatuhumu Waarmenia, raia wao Wakristo, kuwa wasaliti. Tarehe 24 Aprili viongozi na waandishi wao walikamatwa Istanbul. Kisha amri za kuhamishwa zikatoka, na misafara ya wanawake, watoto na wazee ikaswagwa kuelekea jangwa la Sham. Waliokufa wanakisiwa kuwa mamia ya maelfu, na wanahistoria wengi husema walipita milioni moja. Serikali ya Uturuki hadi leo inakataa kuyaita mauaji ya kimbari. Mimi sioni jina jingine.

"Lakini Ustadh, wale walikuwa vitani," alisema kijana. Nikamjibu kwamba maneno hayo hayo ndiyo waliyojitetea nayo wauaji wa Rwanda na wa Bosnia.

Wala hawakutii wote. Mwaka 1917 Sharif Hussein wa Makka aliandika amri kwamba Waarmenia walindwe na wasaidiwe. Kabla yake alikuwapo Mehmed Celal Bey, liwali wa Halab, aliyepinga amri za kuwahamisha raia wake. Akapelekwa Konya. Huko pia alizuia misafara kadiri alivyoweza, na maelfu wakabaki mjini chini ya ulinzi wake. Kabla mwaka 1915 haujaisha aliondolewa kazini, na alipokwisha kuondoka, wengi wa wale aliowazuilia walihamishwa.