Mapazia ya Tufani na Mapaa ya Bombolulu

Shemeji yangu aishiye Florida, Marekani, alipotujia mwezi wa Ramadhani alituonyesha kwenye simu yake pazia la nyumba yake: si pazia la kitambaa cha chumbani, bali utando mgumu wa nyuzi uliokunjwa ndani ya sanduku jembamba juu ya dirisha, ambao mtu akibonyeza kitufe hushushwa na mota ndogo iliyofichwa ndani ya mhimili, kingo zake zikishikwa na reli mbili kulia na kushoto, mpaka ukagusa chini na kujifunga, na tufani ije itakavyo. Tulikuwa barazani hapa Bombolulu baada ya tarawehe, kahawa ikizunguka, na mmoja katika wazee wetu akauliza swali ambalo ndilo lililonitia kalamu mkononi: je, na sisi watu wa pwani, tulio na bahari mlangoni, haitupasi kuwa na kitu kama hicho?

Jibu langu ni kwamba elimu iliyomo ndani ya pazia hilo inatupasa sana, na inatupasa leo, lakini pazia lenyewe ni jambo la mwisho katika safu ya mambo ambayo ya kwanza yake hatujayatimiza.

Wengi hudhani kuwa pazia la tufani huwekwa ili kuokoa vioo. Vioo ni kitu kidogo. Upepo mkali upitapo juu ya paa hulivuta kwenda juu, na wakati huo huo dirisha la upande utokako upepo likivunjika, upepo huingia ndani ya nyumba usipate pa kutokea, ukalisukuma paa lile lile kutoka chini. Basi paa huvutwa na kusukumwa kwa pamoja, na kama halikufungwa barabara kwenye kuta huondoka, na likisha kuondoka, kuta nazo hukosa kishikizo zikalala. Tena kasi ya upepo ikizidi mara mbili, nguvu yake ya kusukuma huzidi mara nne, ndiyo maana nyumba iliyostahimili pepo za miaka yote yaweza kuanguka kwa usiku mmoja. Wamarekani walijifunza haya kwa gharama kubwa mwezi wa Agosti 1992, tufani iliyoitwa Andrew ilipopiga kusini mwa Florida na kuharibu makumi ya maelfu ya nyumba. Na kanuni za ujenzi zilizofuata katika wilaya ya Miami-Dade zikataka madirisha ya nyumba mpya yawe na kinga, na kinga hiyo ijaribiwe kwa kurushiwa kipande cha mbao chenye uzani wa ratili 9 kiendacho futi 50 kwa sekunde, kwa kuwa aghalabu kinachovunja dirisha la mtu ni paa la jirani yake.

Ama kuhusu sisi, ni kweli kuwa Mwenyezi Mungu ametujaalia mahali pa salama. Mombasa iko nyuzi 4 hivi tu kusini ya ikweta, na tufani za bahari huhitaji mzunguko wa dunia uzipe msokoto, msokoto ambao karibu na ikweta ni dhaifu mno. Kwa sababu hiyo tufani za upande wetu wa Bahari ya Hindi huzaliwa mbali kusini, na aghalabu huelekea Bukini, Msumbiji na visiwa vya Ngazija. Lakini aghalabu si daima. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja, ambayo si zaidi ya nyuzi 2 na ushei kusini yetu, ikaangamiza merikebu za sultani wake, Sayyid Barghash bin Said, zilizokuwa bandarini na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya kisiwa, hata Pemba, iliyosalimika, ndiyo ikawa shamba kuu la karafuu tangu hapo. Aprili ya 1952 ikawa zamu ya Lindi. Na Mei ya 2024 sisi wenyewe tulikaa na redio masikioni, Hidaya ikikaribia kisiwa cha Mafia. Wavuvi wakaambiwa wasitoke, watu wakakatazwa kuogelea, mpaka tufani ikadhoofika ikatuachia mawimbi. Ndugu zetu wa Omani, ambao wengi wao wakiwa majumbani husema Kiswahili kama sisi, hawakuizoea tufani kubwa mpaka ilipowafika Gonu ya Juni 2007, kisha Shaheen ya Oktoba 2021 iliyoingia nchi kavu kwa pwani ya Batina.

Hata hivyo hofu yangu haingojei tufani. Bombolulu, kwa asiyeijua, ni mtaa wa Kisauni, ukivuka daraja la Nyali na kushika njia ya Malindi. Upande wa bahari, mwendo si mrefu, ni majumba ya Nyali yenye vioo kutoka sakafuni hadi darini, na huku kwetu zimejaa nyumba za Kiswahili za vyumba sita na ukumbi katikati, kila chumba na mpangaji wake, wote chini ya paa moja la mabati. Usiku mmoja wa Mei, katika mvua za mwaka, upepo wa kusi ukivuma kwa ghadhabu, tulisikia kwanza bati moja likipiga, ta, ta, ta, kama mtu abishaye hodi asijibiwe. Kisha likanyamaza, kimya ambacho sitakisahau. Kisha ukaja mlio mrefu wa misumari ikichomoka mmoja baada ya mwingine, na nusu ya paa la nyumba ya pili ikainuka pamoja na mbao zake ikatua juu ya mwembe. Jirani yetu, mama wa watoto watatu, alisimama mlangoni na godoro kichwani, mvua ikimwagika chumbani mwake, na madirisha yake, naomba msomaji alitie jambo hili akilini, yalikuwa yamefungwa yote na halikuvunjika hata moja. Upepo ulikuwa umeingia kwa ule uwazi ulio kati ya ukuta na bati, tunaouacha ili tupate hewa.

Asubuhi nilikwenda kuyatazama mabati. Yalikuwa ya geji 32, membamba kuliko yale ya 30, na kila tundu la msumari lilikuwa limepanuka na kuzungukwa na duara la kutu, kazi ya chumvi ya bahari isiyopumzika usiku wala mchana. Na ile mbao iliyobeba kenchi ilikuwa imelazwa tu juu ya ukuta pasi na kufungwa na chochote, uzito wake peke yake ukiwa ndio dhamana ya watu wote waliolala chini yake. Mwenye nyumba, ambaye hakai hapo, alileta mabati mengine na misumari mingine, fundi akayapigilia katika matundu yale yale, na juu wakapanga mawe na matairi mawili ya gari.

Basi pazia la mota lingemfaa nini mama yule? Na hata kwa mwenye uwezo wa kulinunua, mota hutaka stima, na hapa kwetu stima ni katika vitu vya kwanza kutoweka upepo uvumapo, kwa hiyo na ahakikishe kuwa lina betri au mkono wa kuzungushia. Wazee waliojenga Mji wa Kale hawakujua mota, lakini madirisha yao yalikuwa na milango ya mbao nzito, yenye vipande vilivyoinamishwa ili hewa ipite na jua lisipite, na komeo la kufungia kwa ndani. Sisi tuliiacha tukashika vioo vya kuteleza, nami nasema tulipoteza kitu cha maana, kwa kuwa seremala yeyote wa Kisauni aweza kuutengeneza mlango kama huo.

Hapa nasimama kidogo kwa ajili ya insafu. Tangu 1969 mtaa wetu umekuwa na karakana za Bombolulu, ambamo watu wenye ulemavu hufanya vito, nguo na kazi za mbao na ngozi. Mtu aketiye katika kiti cha magurudumu, au bibi wa miaka themanini akaaye peke yake, hawezi kukimbia kutoka dirisha hadi dirisha kutia makomeo usiku wa dhoruba. Kwake yeye kitufe si anasa, na ikiwa siku moja fedha za umma zitanunua mapazia haya, na zianzie kwa watu hao kabla ya hoteli na nyumba za kupokelea wageni.

Kwa wengine wote ninaomba jambo dogo. Mbao ya juu ya ukuta na ifungwe kwa waya mnene au ukanda wa chuma uliozikwa ukutani tangu kujengwa, kila kenchi ifungwe kwenye mbao hiyo, na bati lishikwe kwa skrubu zenye mpira badala ya misumari mitupu, hasa ukingoni na pembeni ambako upepo huanza kazi yake. Fundi mmoja humaliza nyumba kama ile kwa siku chache za kaskazi, kabla mvua hazijaanza, na gharama yake ni ndogo mno kuliko paa jipya. Mkaguzi wa kaunti naye, pamoja na kusoma ramani mezani, na apande ngazi akaitikise ile mbao kwa mkono wake kabla ya kutia sahihi, na nyumba ya kupangisha isipokee kodi ya mtu mpaka awe ameitikisa.

Mama yule alihama baada ya mwezi mmoja. Chumba chake kimepata mpangaji mwingine, kijana mwenye mke na mtoto mchanga, ambaye juzi, tukitoka sala ya alasiri, aliniuliza yale mawe yaliyo juu ya paa lake ni ya nini.