Bonde Letu, Kekee za Kukodi

Kila panapozungumzwa utafutaji wa mafuta katika Bonde la Eyasi-Wembere, wananchi wa Singida huorodheshewa fursa zile zile: kupika chakula cha wafanyakazi, kulinda kambi, kusafirisha mizigo, kufyeka njia za uchunguzi, kujenga nyumba za wageni. Sizidharau kazi hizo. Ni riziki halali na zina watu wake. Hoja yangu ni kwamba orodha hiyo inaishia pale kisima kinapoanzia. Juu ya ardhi tunaitwa wadau. Chini ya ardhi, ambako ndiko liliko fungu nono la fedha na maarifa ya sekta hii, hatumo.

Bonde hilo linagusa mikoa ya Arusha, Manyara, Simiyu, Singida na Tabora. Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC) limekwisha kuchoronga visima vifupi vitatu vya kitafiti: Luono wilayani Iramba, Kining'inila wilayani Igunga na Nyalanja wilayani Meatu. Ugunduzi wa kibiashara bado. Ndiyo maana nasema sasa, kwa sababu mafuta yakishapatikana mwenye chombo hupanga bei, na mwenye bonde huitikia.

Naomba msomaji anivumilie nieleze vyombo vyenyewe. Mimi si mhandisi; nafundisha uchumi wa siasa. Lakini siasa ya kisima haieleweki kwa mtu asiyejua kilichomo kisimani.

Kwanza kuna kekee, meno ya chuma yanayosaga mwamba. Juu yake hufungwa mabomba mazito ya kuikandamiza, na vipimo vya kuonyesha kisima kinaelekea wapi. Shimo likishafika kina kinachotakiwa huvishwa bomba la ukuta na kumiminiwa saruji nyuma yake. Ndani ya bomba hilo hushushwa jingine jembamba la uzalishaji, likiwa na vali ya usalama ya kufunga kisima kikileta hatari. Kisha kuna pakeri, kizibo cha chuma na mpira kinachoshushwa kikiwa kimenywea, halafu hupanuliwa kibane ukuta, ili gesi au mafuta yasipate njia nyingine isipokuwa ndani ya bomba la uzalishaji. Na kitu kikikatika au kunasa huko chini, hushushwa vyombo vya kuopolea: ndoana, vikamatio, nyundo za kushtua.

Vingi kati ya vyombo hivi hukodishwa. Mwaka 1909 Howard Hughes wa Texas alipewa hataza ya kekee yenye koni mbili za meno zinazozunguka, iliyoweza kusaga miamba iliyozishinda kekee za wakati wake. Uamuzi wake wa kibiashara ulikuwa na akili kuliko uvumbuzi wenyewe: hakuziuza kekee zile, alizikodisha. Aliyekodi alichimba na kurudisha, na maarifa yakabaki kiwandani Houston. Mwanawe, mwenye jina hilo hilo, alirithi kampuni mwaka 1924, na utajiri wake mashuhuri ulianzia hapo. Baba na mwana hawakuhitaji kumiliki visima vya watu. Ilitosha kumiliki kitu ambacho hakuna kisima kingechimbika bila hicho.

Mtindo huo haujafa. Chombo hulipiwa kwa siku, kikifanya kazi na hata kikisubiri. Kikipotelea kisimani, mkodishaji hulipwa thamani yake kwa mujibu wa mkataba. Kisha huja ankara nyingine ya vyombo vya kuopolea kile kilichopotea.

Ankara hizi hulipwa na nani? TPDC inapotafuta kwa fedha zake, ni fedha za umma. Mwekezaji akiingia kwa mkataba wa kugawana mapato, hutanguliza gharama yeye, lakini uzalishaji ukianza huzirejesha kutoka katika mafuta au gesi, hadi ukomo uliowekwa, ndipo kinachobaki kigawanywe. Maana yake ni kwamba kila siku ya ukodishaji iliyoandikwa kwenye vitabu vyake inapunguza fungu letu. Mwaka 2011 suala la gharama zilizorejeshwa katika mradi wa Songo Songo lilifika Bungeni. Tulijadili hesabu kwa hasira, kama ilivyostahili. Hatukuuliza kwa nini karibu kila chombo kilichokuwa katika hesabu zile kilitoka nje.

Songo Songo yenyewe ni darasa tosha. Gesi iligunduliwa kisiwani humo mwaka 1974 na ikaanza kuzalishwa kibiashara mwaka 2004. Katika miaka ya 2010 mabomba ya uzalishaji ya baadhi ya visima yakawa yameliwa na kutu, visima vikasimamishwa, na ukarabati ukasubiri mtambo wa kuletwa kutoka nje. Hiyo ni gesi inayozalisha umeme wa nchi hii. Zaidi ya miaka 40 baada ya ugunduzi, hatukuwa na mtambo wala karakana yetu ya kubadilisha bomba lililooza ndani ya kisima chetu.

Nitaambiwa kuna sheria. Ipo. Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 inataka bidhaa na huduma zisizopatikana nchini zitolewe na kampuni iliyoingia ubia na kampuni ya Kitanzania yenye hisa zisizopungua asilimia 25. Kanuni za mwaka 2017 zikaongeza masharti. Lakini asilimia 25 ya nini? Hisa zinaweza kuandikwa kwa jina la mwenye ofisi, simu na mhuri, ambaye hajawahi kuishika pakeri, na chombo kikashuka na kupanda kisimani bila kijana mmoja wa Kitanzania kujifunza kukifungua. Huo ni udalali uliovishwa kanzu ya uzalendo. Nigeria, katika sheria yake ya mwaka 2010, iliambatanisha jedwali linalotaja huduma kwa huduma na bidhaa kwa bidhaa kiwango cha chini cha ushiriki wa ndani. Utekelezaji wake una kasoro zake, lakini anayetaja kitu kwa jina anaweza kudaiwa kitu hicho.

Watu wa Singida hawahitaji mhadhara wa chuo kikuu kulielewa hili. Wanalima alizeti. Wanajua tofauti kati ya anayepeleka gunia mashineni na mwenye mashine ya kukamua. Mvua ikikosekana, hasara ya kwanza ni ya mkulima. Mavuno yakifurika, bei huanguka na mashine hukamua zaidi. Sasa tunaambiwa mafuta mengine huenda yako chini ya mashamba hayo hayo, na tunajiandaa kuyapokea kwa nafasi ile ile ya mwenye gunia.

Wapo watakaosema ni ndoto kutengeneza vyombo vya kisasa vya visima huku viwanda vyetu vikihangaika na vipuri vya kawaida. Sijasema tuanze na kekee ya almasi. Tuanze na ukaguzi wa nyufa za mabomba, kuchonga upya nyuzi zilizolika, kukarabati vali, kubadilisha mipira ya pakeri, na mafunzo ya kuopoa. Ni kazi za chuma, vipimo na nidhamu. SIDO ipo, VETA ipo, wakerezaji wanaofufua mashine za alizeti wapo. STAMICO inauza huduma ya kuchoronga kwa migodi, kwa mitambo yake. Taasisi ya umma inaweza kumiliki mtambo na kuufanyia biashara. Huo ni ushahidi ulio mbele ya macho yetu.

Basi nadai mambo matatu. Mamlaka ya Udhibiti Mkondo Juu wa Petroli (PURA) ichapishe, kwa kila kisima, orodha ya vyombo vilivyokodiwa, siku vilizokaa na kiasi kilicholipwa. Mkataba wowote utakaohusu Eyasi-Wembere utaje karakana ya matengenezo itakayojengwa ndani ya ukanda huo, na tarehe ya kukabidhiwa kwa Watanzania. Na vyuo vinavyotoa shahada za uhandisi wa petroli visimtunuku mtu ambaye chombo cha kisimani anakijua kwa picha tu.

Wanafunzi, ulizeni karakana iko wapi kabla ya kuuliza ajira ziko wapi. Watumishi wa umma mtakaokaa meza ya mazungumzo, safari hii anzeni na kiambatisho cha vifaa, kile kinachosomwa mwisho wakati watu wamekwisha kuchoka.