Maendeleo ya nani hasa?

Jana tumebishana kwenye vimbweta mpaka giza likaingia, chanzo swali moja tu la semina: ile enzi ya mageuzi kule Marekani, miaka ya 1890 hadi 1920 hivi, ambayo wenyewe wanaiita Enzi ya Maendeleo, ilistahili jina hilo?

Rafiki yangu anasema ndiyo, tena bila kusita. Na hoja anazo. Mwaka 1906 zilipita sheria za ukaguzi wa nyama na za kudhibiti vyakula na dawa. Mwaka 1913 wananchi wakapata haki ya kuwachagua maseneta wenyewe, 1920 katiba ikawapa wanawake kura. Hayo sibishi.

Mimi kilichonikwamisha ni picha. Ndiyo, picha ya sura! Tangu sheria ya 1883 serikali kuu ya Marekani ilianza kuajiri kwa mtihani, na Weusi wengi wakapata ukarani Washington kwa njia hiyo, maana karatasi ya mtihani haina rangi. Mwaka 1913 akaingia Woodrow Wilson, mwanamageuzi, tena profesa kabisa. Wizara kadhaa zikaanza kuwatenga wafanyakazi Weusi: meza zao, vyoo, mahali pa kulia. Mwaka 1914 waombaji kazi wakatakiwa kuambatanisha picha. Mtihani uko palepale, ila sasa mwajiri anaiona sura yako kwanza. Jamani!

Jamaa akaja na lile jibu la kila siku, eti tusiwahukumu watu wa zamani kwa macho ya leo. Sawa, tutumie macho ya 1914. Novemba mwaka huo William Monroe Trotter, mhariri wa gazeti Boston, alikwenda kumlalamikia Wilson ana kwa ana, na huyu alimuunga mkono kwenye uchaguzi wa 1912! Wilson akamjibu kwamba kutenganishwa si kudhalilishwa, kisha akakasirika, akasema wakirudi walete msemaji mwingine. Kwa hiyo aliambiwa, tena usoni. Ubaguzi ule haukuwa vumbi la zamani lililosahaulika kufagiwa, ulipangwa upya na wafagiaji wenyewe.

Jamaa bado anabisha. Kasema Alhamisi ataniletea Theodore Roosevelt. Amlete tu. Mimi ninayo Brownsville ya 1906: askari Weusi 167 waliofukuzwa jeshini kwa amri ya Roosevelt bila kesi yoyote, wakaja kusafishwa majina 1972, wengi wao wameshakufa.