Orodha ya Barua si Kazi ya Karani

Wako wataalamu wasemao ya kuwa kuorodhesha barua za mtu mashuhuri ni kazi ya mikono, si kazi ya akili. Kwa maoni yao, mwenye elimu hungoja mpaka karani amalize kufungua masanduku, kupangusa vumbi na kutia namba, ndipo aingie yeye na kalamu yake kueleza maana. Maneno hayo husemwa kwa upole katika vyumba vya mihadhara, na kwa sababu ya upole huo hudhaniwa kuwa ni kweli. Si kweli hata kidogo. Aliyeandika orodha ndiye aliyekwisha kuamua nini kitaonekana na nini kitasahauliwa. Ajaye baada yake hula alichopakuliwa.

Ushahidi wa jambo hili umo katika nyaraka za Bertrand Russell, mwanafalsafa wa Kiingereza aliyezaliwa tarehe 18 Mei 1872 na kufa tarehe 2 Februari 1970. Katika umri huo mrefu aliigeuza elimu ya mantiki, akapewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 1950, akaingia jela mara mbili kwa ajili ya kupinga vita, na katika uzee wake akawa sauti iliyosikika kila pembe ya dunia dhidi ya silaha za nyuklia. Hakuwa mtu wa vitabu tu. Aliandika barua siku zote, na alizozipokea alizitunza. Mwaka 1968, yeye mwenyewe angali hai, nyaraka zake zilinunuliwa na Chuo Kikuu cha McMaster kilichoko Hamilton, Kanada, na fedha zilizopatikana zikasaidia kazi zake za amani. Leo orodha ya barua zake katika chuo hicho, pamoja na habari za barua zilizo katika maktaba nyingine, ina maingizo zaidi ya laki moja. Asemaye kuwa laki moja hizo zilipangika bila akili na ajaribu kupanga mia moja.

Wapo wengine wasioidharau orodha, ila huitaka iwe na haya. Hushauri ya kuwa barua za siasa zitengwe na barua za nafsi. Za siasa ziwekwe mezani, za nafsi zifungiwe kabatini, maana mapenzi ya mtu hayawahusu wanafunzi. Shauri hili lina sura njema, walakini kwa barua za Russell halitendeki. Mwaka 1918 alifungwa katika jela ya Brixton, London, kwa sababu ya makala aliyoiandika katika gazeti la wapinga vita. Kanuni za jela zilimruhusu barua chache, na hizo zilisomwa na mkuu wa gereza. Basi akabuni hila. Aliandika barua za mapenzi kwa Kifaransa, akajifanya kwamba ananakili barua za watu wa zama za Mapinduzi ya Ufaransa. Nyingine alizificha ndani ya vitabu ambavyo kurasa zake zilikuwa bado hazijakatwa, zikatoka jela mikononi mwa wageni wake. Zilikwenda kwa Lady Ottoline Morrell, na kwa Lady Constance Malleson, mwigizaji aliyejulikana jukwaani kwa jina la Colette O'Niel. Malleson alikuwa mpenzi wake, na papo hapo alikuwa mwenzi wake katika kazi ya kupinga watu kuandikishwa jeshini kwa nguvu. Katika barua hizo huba, habari za vita na mipango ya vitabu vya falsafa hukaa ubavu kwa ubavu. Mkasi gani utaweza kutenga huba na siasa pasipo kuirarua karatasi?

Tena fikiria kama barua ile ya Kifaransa imeangukia mkononi mwa mtu asiyejua habari za mfungwa. Ataona majina ya watu wa karne ya 18, naye ataiandika katika orodha kuwa ni maelezo ya historia. Hatakuwa amesema uongo wa makusudi; lakini barua itakuwa imezikwa katika kaburi lenye jina la mtu mwingine, na mtafiti atapita juu yake miaka hamsini bila kujua. Kuitambua barua hiyo kwahitaji kumjua mwandishi, lugha, zama, sheria za jela na watu waliokuwa wakimzuru. Ikiwa hiyo si elimu, basi elimu ni nini?

Lakini hatari kubwa zaidi haitoki kwa wajinga. Hutoka kwa wapenzi. Wanafunzi wa mtu mwema hutamani orodha imsafishe, na hapo ndipo orodha hujaribiwa uaminifu wake. Russell anajulikana kuwa mpinzani wa bomu la atomu, na wengi hudhani alikuwa na msimamo mmoja tangu siku ya Hiroshima. Haikuwa hivyo. Katika miaka ya mwanzo baada ya vita, Marekani ilipokuwa peke yake na bomu hilo, alifikiri kuwa Urusi ishurutishwe, hata kwa tishio la vita, ikubali mamlaka ya kimataifa juu ya nguvu za atomu. Mawazo ya namna hiyo aliyaandika mwaka 1948 katika barua kwa Dokta Walter Marseille wa Marekani. Miaka ikapita. Mwaka 1953 Russell alikana hadharani kwamba aliwahi kuunga mkono vita vya namna hiyo. Mwaka 1954 Marseille akaichapisha barua. Russell alieleza ya kuwa alikuwa ameisahau kabisa, na mwaka 1959, alipohojiwa na John Freeman katika televisheni ya BBC, aliyakiri maoni yake ya zamani.

Maadui zake waliifurahia barua hiyo, na rafiki zake waliionea haya. Orodha ya haki haifurahi wala haioni haya. Huandika jina la aliyeandika, jina la aliyeandikiwa, tarehe, mahali na mukhtasari wa maneno, kisha hunyamaza. Lakini katika kunyamaza huko yako mafunzo ambayo sifa haziwezi kuyatoa. Msomaji akifuata tarehe ataiona barua ya 1948. Ataona jaribio la bomu la haidrojeni la Marekani huko Bikini tarehe 1 Machi 1954. Ataona hotuba ya Russell katika redio ya BBC mwezi Desemba mwaka huo juu ya hatari iliyomkabili mwanadamu. Ataona barua yake kwa Albert Einstein ya Februari 1955, na jibu la Einstein la Aprili, alilolitia saini siku chache kabla ya kufa tarehe 18 Aprili. Russell alipata habari ya kifo hicho akiwa angani katika ndege kutoka Roma kwenda Paris, akadhani mpango wote umeharibika. Alipofika hotelini akaikuta barua ya Einstein inamngoja, na ndani yake kibali. Tarehe 9 Julai 1955 tamko lao likasomwa London, likiwa na majina ya wanazuoni 11. Mtu aliyeanza kwa tishio akaishia kwa sihi. Aifichaye barua ya 1948 kwa kumpenda Russell humnyang'anya Russell safari yake, akamwachia mwisho wa safari tu. Na mtu asiyesafiri hana la kuwafunza waliopotea njia.

Jambo la tatu ni juu ya makabati. Vyuo vingi hupenda kugawa nyaraka kwa idara: hesabu huku, siasa kule, maisha ya nyumbani pembeni. Mgawo huo humpendeza mwalimu wa idara, lakini hukata mishipa ya mtu. Oktoba 1962, dunia ilipokuwa karibu kuungua kwa sababu ya makombora ya Kirusi yaliyopelekwa Kuba, Russell, mzee wa miaka 90, alipeleka simu za maandishi kwa Kennedy na kwa Khrushchev, na Khrushchev akamjibu kwa barua ndefu iliyotangazwa ulimwenguni. Tarehe 23 Novemba mwaka huo huo, Russell alimwandikia Jean van Heijenoort, mwanachuoni wa mantiki, habari za Gottlob Frege. Mwaka 1902 Russell alikuwa amempelekea Frege barua ya kumwonyesha kuwa msingi wa kazi ya maisha yake una kinzano ndani yake, na Frege, kitabu chake kikiwa mtamboni, alilipokea jambo hilo kwa unyofu, akaiweka kweli mbele ya fahari yake. Sasa, baada ya miaka 60, Russell alimsifu kwa unyofu huo. Barua hii ikiwekwa katika kabati la hesabu na simu za Kuba katika kabati la siasa, hakuna atakayeona kuwa kati yake umepita muda wa mwezi mmoja tu, na kuwa mzee yule yule aliyewasihi wakubwa wa dunia waiache fahari yao ndiye aliyekuwa akimkumbuka mtu aliyeiacha yake. Tarehe huunganisha yale ambayo idara hutenga.

Kuna tena swali la mkono ulioandika. Tangu 1960 Russell alikuwa na msaidizi kijana, Mmarekani Ralph Schoenman, na wapinzani walisema ya kuwa barua nyingi za siasa za miaka hiyo zilikuwa za kijana, na saini tu ndiyo ya mzee. Wafuasi walijibu kuwa hayo ni matusi. Mwaka 1969 Russell mwenyewe aliandika waraka wa kueleza kwa nini ameachana na Schoenman, na ugomvi ukazidi. Ugomvi huu hauamuliwi kwa ghadhabu. Huamuliwa kwa kutazama kila karatasi: ipo rasimu ya mkono wake? Ilitamkwa kwake na kuandikwa na karani? Ina masahihisho, na ni ya nani? Orodha ionyeshayo mambo hayo barua kwa barua huzuia uzushi wa pande zote mbili. Isiyoyaonyesha hulisha pande zote mbili.

Siku hizi imezuka hoja mpya: ya kuwa zama za orodha zimekwisha, kwa kuwa karatasi zote zaweza kupigwa picha na kuingizwa katika kompyuta, na mtafutaji akapata neno alitakalo mara moja. Chombo hicho ni chema, na hapana haja ya kukitukana. Lakini mashine hupata neno lililoandikwa, haipati lililofichwa. Barua yenye tarehe ya "Jumanne jioni" haisemi ni Jumanne ya mwaka gani. Mtu mmoja mwenye jina la ukoo, jina la ndoa, jina la jukwaani na jina la mahaba ni watu wanne kwa mashine, mpaka pawepo mtu wa kuiambia kuwa ni mmoja. Mtu huyo ndiye mwandishi wa orodha.

Hoja moja ya wapinzani yastahili heshima, nayo ni ya siri. Mwandikaji hakuwa peke yake. Wapo waliomwandikia wakidhani wanazungumza na mtu mmoja, si na dunia. Haki yao ni ya kweli. Hata hivyo, kuorodhesha si kutangaza. Barua yaweza kuandikwa katika orodha na kufungwa kwa muda uliotajwa. Hapo kila mtu ajua kuwa ipo, ajua imefungwa, na ajua itafunguliwa lini. Barua iliyofungwa na kuorodheshwa ni amana. Barua iliyofichwa isiorodheshwe ni wizi, hata ikifichwa na mkono wenye huruma.

Wala asiseme mwanafunzi wa Afrika kuwa hayo ni mambo ya Wazungu na makaratasi yao. Sehemu kubwa ya urani ya bomu lililotupwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga. Tarehe 13 Februari 1960 Ufaransa ililipua bomu lake la kwanza katika Sahara, huko Reggane. Bertrand Russell Peace Foundation ilipoanzishwa mwaka 1963, jina la Julius Nyerere lilikuwamo kati ya majina ya waliokubali kuiunga mkono. Na orodha ya kwanza kubwa ya nyaraka za Russell, iliyochapwa London mwaka 1967, ilihaririwa na Barry Feinberg, mwana wa Afrika Kusini aliyehama nchi ya ubaguzi. Pamoja na Ronald Kasrils, mpigania uhuru mwenzake aliyewahi kukaa Dar es Salaam, alitoa mwaka 1969 kitabu cha barua ambazo Russell aliandikiana na watu wa kawaida. Watu waliojua maana ya kunyimwa sauti ndio walioona kuwa barua ya mtu asiye na cheo yastahili nafasi karibu na barua ya waziri mkuu. Je, hao nao walikuwa makarani tu?

Dar es Salaam yenyewe ina mfano wake: orodha ya J. W. T. Allen ya miswada ya Kiswahili na Kiarabu katika maktaba ya chuo, iliyochapwa mwaka 1970, imewaongoza wengi ambao hawakupata kuitaja katika shukrani zao. Desturi hiyo ya kunywa maji na kumsahau mchimba kisima haifai kuendelea. Chuo kinachompa mtu shahada kwa kueleza barua kumi zilizokwisha kupangwa, na kumnyima shahada aliyezipanga elfu kumi kwa tarehe, jina, mkono na lugha, kimepima elimu kwa mizani mbovu. Mizani hiyo na irekebishwe: orodha yenye maelezo ikubaliwe kuwa tasnifu, mwandishi wake atajwe kwa jina kila itumiwapo, na mwanafunzi afundishwe kusoma orodha kabla ya kufundishwa kuhukumu. Barua za Russell ziliandikwa ili watu waendelee kuwapo wa kuzisoma. Jambo hilo halikuwa hakika alipoziandika, na silaha alizozipinga zingali zipo. Anayezipanga leo ili zipatikane na zisipotoshwe anafanya sehemu yake katika kazi hiyo hiyo, na asiitwe karani ila na mtu ambaye hajui karani ni nani.