Wi-Fi ya Mtaa Wako Imepanga au Ina Ploti? Swali la Kuuliza Kabla ya Kulipia Mwezi Mzima

Mwisho wa mwezi Kamere huwa na shughuli. Mishahara ya mashamba ya maua imeingia, watu wanalipa rent, wanatuma nyumbani, wanamaliza madeni ya dukani. Wengi siku hizi hufanya hayo kwa programu ya simu, na simu yenyewe imeunganishwa na Wi-Fi ya mtaa: ile ya bob kumi kwa saa, ama ya kulipia mwezi mzima. Kwa hivyo leo tuzungumze juu ya kitu ambacho wateja wetu wengi hawajawahi kukisikia lakini kinagusa pesa zao: anwani za intaneti, na kama huyo anayekuuzia Wi-Fi amezikodi au ni zake.

Maoni yangu nayasema mapema. Kukodi anwani si kosa. Lakini mtu anayepokea pesa yako kabla hajakuhudumia hafai kusimamisha biashara nzima juu ya anwani za kukodi. Na wewe unayelipa una haki ya kumuuliza.

Anwani ni nini, na kwa nini ina bei?

Kila kifaa kinachoongea na intaneti kinahitaji anwani, kama vile barua ilivyohitaji sanduku la posta. Bila anwani, jibu halijui pa kurudi. Anwani za mtindo wa zamani, zinazoitwa IPv4, ni kama bilioni 4.3 duniani kote. Watu tumepita bilioni 8, na mtu mmoja anaweza kuwa na simu, televisheni na kompyuta. Hazitoshi.

Ghala kuu la dunia liligawa fungu lake la mwisho Februari 2011. Tangu hapo kila eneo limekula akiba yake. Afrika hugawiwa anwani na shirika la AFRINIC, lililo Mauritius na lililotambuliwa rasmi mwaka 2005. Wenzetu wa Asia, Ulaya na Amerika Kaskazini walifika mwisho mapema, AFRINIC ikabaki na akiba kidogo na kuanza kugawa kwa kipimo. Tangu Januari 2020, anayeomba hupewa anwani zisizozidi 1,024 kwa ombi moja.

Kitu kikiadimika, wafanyabiashara hutokea. Mwaka 2011 Microsoft ilinunua anwani 666,624 kutoka kwa Nortel, kampuni ya Kanada iliyokuwa imefilisika, kwa dola milioni 7.5. Hiyo ni kama dola 11 kwa anwani moja. Miaka kumi baadaye bei sokoni ilipita dola 50, kisha ikashuka tena. Amazon nayo, tangu Februari 2024, hutoza wateja wa seva zake nusu senti ya dola kwa saa kwa kila anwani ya IPv4, yaani kama dola 3.60 kwa siku thelathini. Namba tupu, lakini inalipiwa kodi kila mwezi kama chumba.

Ndiyo maana mwenye Wi-Fi mdogo hampi kila mteja anwani yake. Huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, kama ploti ya vyumba ishirini yenye geti moja. Ukitoka, ulimwengu unaona geti, hauoni chumba chako. Hilo si baya, mradi geti lenyewe lina jina zuri.

Nyumba ya kampuni, nyumba ya kupanga, ploti yako

Watu wa barabara ya Moi South Lake wanaelewa mambo ya makao kuliko wengi, kwa hivyo tutumie mfano wao. Mtoa huduma hupata anwani kwa njia tatu.

Ya kwanza ni kama nyumba ya kampuni. Anayenunua intaneti kwa jumla kutoka kampuni kubwa hupewa anwani pamoja na laini. Ni rahisi, haina karatasi nyingi. Lakini kama mfanyakazi wa shamba anayeishi kwenye nyumba za shamba, siku ukiacha kazi unarudisha ufunguo. Mtoa huduma akitaka kuhamia kampuni nyingine yenye bei nafuu, inabidi abadilishe anwani zote, na wakati wa kubadilisha ndio wakati wa matatizo.

Ya pili ni nyumba ya kupanga. Mtoa huduma anakodi fungu la anwani kutoka kwa mwenye nazi nyingi, mara nyingi kupitia dalali wa ng'ambo, na kulipa kila mwezi. Anaanza haraka, hahitaji mtaji mkubwa. Ila mwenye nyumba anaweza kupandisha kodi, kuuza, au kugombana na serikali, na wewe mpangaji unasikia habari ikiwa imeshafika mlangoni.

Ya tatu ni ploti iliyoandikwa jina lako. Mtoa huduma anajiunga na AFRINIC kama mwanachama, anaonyesha hitaji lake, analipa ada ya kila mwaka, na fungu linasajiliwa kwa jina la kampuni yake. Au ananunua kutoka kwa mwenye nalo, na usajili unahamishwa. Hata hapa tusidanganyane: si hati ya kumiliki milele. Ni haki ya kutumia yenye masharti, karibu na ile lisi ya ardhi kuliko shamba la urithi. Lakini jina kwenye daftari ni lako, na ukihama kampuni ya jumla unahama na anwani zako.

Tufanye hesabu

Fungu dogo linalokubalika kusafiri lenyewe kwenye intaneti lina anwani 256. Chukua bei ya kununua ya dola 25 kwa anwani, na kukodi kwa nusu dola kwa mwezi, na dola iwe shilingi 130. Hizi ni bei za mfano tu. Soko hupanda na kushuka.

Kununua: dola 6,400, yaani shilingi 832,000 mara moja. Kukodi: dola 128, yaani shilingi 16,640 kila mwezi. Kodi itafikia bei ya kununua baada ya miezi 50, miaka minne na kidogo.

Sasa tuseme ana wateja 300. Kodi hiyo ni kama bob 55 kwa kila mteja kwa mwezi. Si nyingi, na hapo ndipo mtego ulipo. Kwa sababu ni ndogo, mtoa huduma anaona hakuna haja ya kufanya mpango mwingine. Mwaka wa tano unafika amelipa bei ya ploti nzima na bado ni mpangaji.

Hii inakuhusu vipi wewe wa pesa kwa simu?

Kwa njia tatu.

Kwanza, anwani ya kukodi inaweza kuwa imeandikwa nchi nyingine. Upo Kamere, lakini programu ya benki inaona mtu aliye Ulaya anajaribu kuingia kwenye akaunti yako. Mfumo wa usalama unafanya kazi yake: unakuuliza maswali, unakutumia nambari ya uthibitisho tena na tena, ama unakufungia kabisa. Wewe unalaumu benki, benki haina kosa.

Pili, anwani ina historia. Kama mpangaji wa jana aliitumia kutuma barua pepe za utapeli, imeshaandikwa kwenye orodha za watu wabaya ambazo makampuni huangalia. Wewe unahamia chumba, polisi wanakuja kumtafuta aliyetoka. Na kwa kuwa mnatumia geti moja, mmoja akiharibu mnaadhibiwa nyote.

Tatu, mkataba wa kodi ukikatika, mtandao wa mtaa mzima unaweza kuzimika. Mteja aliyelipa mwezi mzima tarehe moja anabaki na risiti, na fundi hashiki simu.

Jambo moja la kukutuliza: menyu ya laini na ule msimbo unaoanza na nyota havitumii Wi-Fi wala anwani hizi. Vinapita kwenye mtandao wa simu wenyewe. Wi-Fi ikikataa na una haraka ya kulipa, zima Wi-Fi, tumia msimbo. Pesa yako haijapotea kwa sababu programu imegoma.

Somo kutoka Mauritius

Hatari ya kukodi si ya kuwaza tu. Kati ya 2013 na 2016, kampuni ya Cloud Innovation, iliyosajiliwa Ushelisheli, ilipewa na AFRINIC anwani zipatazo milioni 6.2. Nyingi zilikwenda kutumiwa nje ya Afrika. Mwaka 2021 AFRINIC ilitaka kuzirudisha, ikidai masharti yamevunjwa. Kampuni ikaenda mahakamani, ikisema hakuna kanuni inayoikataza kutumia anwani hizo kwingine. Julai mwaka huo mahakama ya Mauritius ikazuia akaunti za benki za AFRINIC kwa muda. Kesi zikazaa kesi. Bodi ikakosa akidi, na Septemba 2023 mahakama ikaamuru shirika liwekwe chini ya mrasimu. Uchaguzi wa bodi wa Juni 2025 ukafutwa, na bodi mpya ikapatikana Septemba 2025.

South Lake hakuna haja ya kueleza mrasimu ni nani. Kampuni ya maua ya Karuturi ilipowekwa chini ya mrasimu mwaka 2014, maelfu ya watu wa hapa waliona jinsi ugomvi wa wakubwa na benki unavyomfikia mtu asiye na sahihi kwenye karatasi yoyote.

Sasa jiweke mahali pa mtoa huduma mdogo aliyekodi anwani zinazogombaniwa namna hiyo. Hayupo mahakamani. Hana wakili. Lakini hukumu ikitoka upande mmoja, yeye na wateja wake ndio watakaohama.

Na kuna jambo kubwa zaidi. Akiba hii ilitengwa ili Afrika iliyochelewa kuunganishwa isikose mahali. Anwani milioni kadhaa zikifanywa nyumba za kupangisha za mwenye mali aliye mbali, kijana wa Naivasha anayeanzisha mtandao leo anajikuta anakodi kwa dola kitu ambacho angekipata kwa ada ya uanachama.

"Lakini mimi ni mdogo, nitafanyaje?"

Wenye Wi-Fi za mtaa hunijibu hivi, na hoja yao ina uzito. Uanachama una karatasi na ada. Shirika lenyewe limekuwa mahakamani miaka mingi. Nani atapanga foleni huko? Anayekodi anapata anwani wiki hii na wateja wanaunganishwa. Bila kukodi, mitaa mingine ingebaki kununua bando peke yake.

Nakubali. Kwa hivyo siwaambii wasikodi. Nawaambia wasikodi msingi. Kuwa na fungu dogo lililosajiliwa kwa jina lako, hata hizo 256, liwabebe wateja wanaokutegemea. Ukizidiwa msimu wa wateja wengi, kodi za ziada. Halafu washa IPv6, anwani za mtindo mpya. Hizo idadi yake ni namba ya tarakimu 39. Hakuna uhaba, na mwanachama wa AFRINIC hupewa fungu kubwa kuliko atakavyoweza kumaliza. Si dawa ya kila kitu, kwani tovuti nyingi bado zinataka za zamani, lakini kila simu inayopita njia mpya inapunguza msongamano getini. Asiyeweza hayo peke yake aungane na wenzake wawili watatu wasajili kampuni moja. Chama kimewasaidia watu kununua ploti. Hakishindwi na hili.

Ya kufanya kabla ya kulipia mwezi mzima

1. Uliza kama ana leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Akikasirika, umeshapata jibu.
2. Uliza: "Anwani zako ni za nani, na mkataba unaisha lini?" Hahitaji kukuonyesha karatasi. Anayejua biashara yake atajibu kwa sentensi moja.
3. Ukiwa umeunganishwa, fungua tovuti yoyote inayoonyesha anwani yako na nchi yake. Ikisema uko ng'ambo, mwambie fundi kabla programu ya benki haijakufungia.
4. Anza na wiki moja, si miezi mitatu, hata kama kuna punguzo.
5. PIN yako usiiandike kamwe kwenye ukurasa wa kuingilia Wi-Fi. Ombi halali la malipo hujitokeza kwenye simu yenyewe. Soma jina na kiasi kabla ya kubonyeza.
6. Kama una duka na wateja hulipia kwenye programu, weka salio kidogo la bando kwenye laini. Wi-Fi isiwe mlango wako wa pekee.

Ukimuuliza peke yako, mwenye Wi-Fi atakuona msumbufu. Mkimuuliza wateja thelathini wa ploti moja, ataanza kufanya hesabu ya ile ada ya uanachama.