Mfululizo wa nesi, sehemu ya 7: Chamonix, jibini na figo za mwanao

Tangu sehemu ya 6 nimepokea meseji zenye swali moja: "Dada nesi, likizo ya Februari tunaenda Chamonix kucheza na theluji, tule wapi?" Na wajuaji wameshawajibu: pandeni juu kabisa, mle tartiflette mkiitazama Mont Blanc, na mtoto naye aonje, asidekezwe.

Leo nimekuja kugombana na hao wajuaji.

Tartiflette ni nini? Viazi, vitunguu, vipande vya nyama ya nguruwe, na juu yake jibini inaitwa reblochon. (Ndiyo, nguruwe. Familia za Kiislamu mnaambiwa "ni viazi na jibini tu", kumbe kitimoto imo humo humo. Ulizeni kabla ya kuagiza.) Sasa hiyo reblochon, kwa kanuni yake yenyewe, hutengenezwa na maziwa mabichi. Hayajachemshwa. Mimi mtu mzima naila na naipenda, sitaki kudanganya. Lakini nani kati yetu alikuzwa na bibi aliyemruhusu mtoto mdogo kunywa maziwa kabla hayajafura kwenye sufuria? Tumevuka bahari, tumeona theluji, akili ya bibi tumeiacha uwanja wa ndege.

Wafaransa wenyewe wanashauriwa na mamlaka zao za afya: mtoto chini ya miaka 5, mjamzito, mzee na mwenye kinga dhaifu wasile jibini ya maziwa mabichi, isipokuwa zile ngumu zilizopikwa na kukandamizwa kama beaufort na comté. Mwaka 2018 watoto waliugua Ufaransa, na reblochon ikaondolewa madukani. Kuna aina za bakteria wa E. coli wanaotoa sumu. Sumu ile inavunja chembe nyekundu za damu na kuziba vimishipa vidogo vya figo. Mtoto anaanza na tumbo na kuhara, mara nyingi damu, halafu siku chache baadaye anapauka, analegea, mkojo unapungua. Wengine wanaishia kwenye mashine ya kusafisha damu. Kwa mjamzito kuna listeria, na huyo anaweza kutoa mimba.

"Lakini si imeingia oveni?" Imeingia, sawa. Jikoni kukiwa na foleni ya watu sitini wenye njaa, mara nyingine oveni inafanya kazi ya kupaka rangi ya kahawia juu tu. Katikati panatakiwa kufika nyuzi 70, na wewe hutachomeka kipimajoto kwenye sahani ya watu.

"Watoto wa huku mbona wanakula?" Wapo wanaokula, na wapo tunaowapokea wodini.

Haya, fondue. Jibini iliyoyeyushwa ndani ya mvinyo mweupe, na mara nyingi wanamalizia na kirsch, pombe kali ya cheri. Mwaka wa kwanza nilimuuliza mhudumu kama mwanangu anaweza kula, akanijibu "mvinyo unaisha motoni". Hauishi wote, jamani. Unapungua. Mtoto wangu alikula mkate na supu, akanuna, akasahau.

Na hiyo habari ya juu kabisa. Mji wa Chamonix uko mita 1,035 hivi. Kilele cha Aiguille du Midi kiko mita 3,842, na gari la kamba linakufikisha kama dakika 20 tu. Mwili wa mtu mzima wenyewe unalalamika. Kichanga hawezi kusema kichwa kinamuuma, atalia na kukataa ziwa, na wewe utasema ana deko. Msimpeleke kichanga huko kwa ajili ya picha ya chakula cha mchana.

Kuleni chini, bondeni. Tafuteni wanaouza galette, ile chapati nyembamba ya unga mweusi, na muombe yai lililoiva kabisa na emmental, bila ham kama hamli. Supu ya mboga, pasta, pizza, vyote vipo. Jumamosi asubuhi kuna soko Place du Mont-Blanc: nunueni kipande cha beaufort, mkate na matunda, mle kwa mkono. Kwenye vituo vingi vya kuteleza kuna chumba cha watu waliobeba chakula chao, wanakiita hors sac. Ingieni na pilau yenu kwenye chupa ya moto, hakuna wa kuwafukuza. Maji ya bomba mezani mwa mgahawa ni bure, semeni "une carafe d'eau". Hewa ya mlimani inakausha, mtoto anywe hata kama hasemi ana kiu.

Angalieni saa pia: jiko nyingi hufunga kama saa 8 mchana mpaka saa 1 jioni. Mtoto hasubiri saa 1. Wekeni ndizi kwenye begi.

Ikitokea mtoto ameshakula reblochon, usipaniki, wengi hawaugui. Muangalie kwa siku kumi hivi. Ukiona kuhara damu, kupauka au mkojo kupungua, usimpe dawa ya kufunga tumbo. Piga 15 au 112, na uwaambie jina la jibini aliyokula na siku aliyoila.

Sehemu ya 8 ni masikio na gari la kamba. Maswali leteni.